Mashine Yenye Wenyewe Wengi

Tik.

Sauti ndogo, gizani, kutoka sebuleni. Mtu mwingine angedhani ni ukucha unakatwa.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Joto: ameketi kitandani amebana pumzi, mume anakoroma upande wa ukutani, binti yao Kipusa amelala katikati kwa upana, miguu yake midogo mbavuni mwa baba. Mmoja wenu ameniandikia kwamba bila shaka ni panya. Pole, ndugu yangu, panya hana habari na swichi. Mwingine ameapa kwamba ni jini. Jini naye hana haja ya kununua bando, na huyu tunayemtafuta, nakuhakikishia, bando analo.

Mama Joto aliijua sauti ile kama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Ni swichi ya mashine yake ya kutotolesha vifaranga. Ikisema tik, moto wa ndani umezimika. Baada ya kitambo kidogo husema tik ya pili, moto ukarudi, na hivyo ndivyo inavyokesha, zima washa, zima washa, kama mama mwenye kichanga.

Alisubiri tik ya pili. Jogoo wa jirani akawika, akapumzika, akawika tena. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Tik ya pili haikuja.

Akashuka kitandani. Ndala hazikuwa mahali pake, akaenda peku.

Mashine imesimama sebuleni, kubwa kama kabati la nguo, na kwa sababu yake makochi yalihamia ukumbini na wageni wa nyumba hii hukaribishwa jikoni. Mlango wake una kioo. Juu ya kioo kuna tarakimu nyekundu, na tarakimu hizo ndizo zilizompa mama huyu jina, maana tangu mashine ije, hata ukimsalimia njiani atakujibu huku anawaza joto. Lililotakiwa ni nyuzi thelathini na saba na nusu. Alfajiri ile tarakimu zilisoma thelathini na mbili.

Umeme upo. Feni inazunguka. Hakuna kilichoharibika. Mashine ilikuwa imeagizwa ipoe, na kama mashine yenye adabu, ilitii.

Akabonyeza kwa mkono, akarudisha joto. Tik, moto ukawaka. Alikaa nayo mpaka tarakimu zikaanza kupanda, moja baada ya nyingine. Akapumua. Akaegemea ukuta, na bado hajaegemea sawasawa, mbele ya macho yake, tik. Moto ukazimika.

Mtu alikuwa macho. Mahali fulani, mbali au karibu, mtu alikuwa macho wakati ule ule, ameshika simu, na kidole chake kiko juu ya mayai ya Mama Joto.

Akarudisha joto kwa mara nyingine, kisha akarudi mlangoni mwa chumba cha kulala.

“Baba Kipusa,” alisema, bila kupaza. “Amka. Kuna mtu ndani ya mashine.”

Sasa huyo Baba Kipusa. Mtaani anaitwa Bwana Mtandao. Mchana anauza simu kibandani, jioni anaeleza. Huwezi kumwuliza saa asikueleze kwanza saa inavyotengenezwa. Ndiye aliyenunua kile kidude cheusi kilichobandikwa ubavuni mwa mashine, akakiunganisha na intaneti ya nyumbani, akaweka na kamera ndani, ili mkewe aweze kuyatazama mayai na kupandisha au kushusha joto akiwa popote.

Na tusimwonee. Kidude kilikuwa na faida. Mama Joto anashona vifungo kiwandani mchana kutwa. Kabla ya kidude, alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda msalani ili ampigie jirani simu, jirani aje amsomee tarakimu. Jirani mwenyewe hana miwani. Kuna siku alisoma sabini, na Mama Joto akatoka kiwandani mbio na sindano ikining’inia begani.

Kisha Bwana Mtandao akapata wazo, na wazo lenyewe, niseme kweli, lilikuwa zuri. Kwa nini mteja asiyatazame mayai yake mwenyewe kwenye simu yake? Akatangaza. Mwenyekiti wa chama cha akina mama wafugaji, mwanamke asiyeamini kitu asichokiona, akaona, akaamini, akamwacha muuza vifaranga wake wa miaka yote na kuagiza vifaranga wa mashine nzima. Vifaranga hawa wakitoka salama, chama kitachukua mashine nzima kila mzunguko, na Mama Joto ataviaga vifungo, akae na biashara yake na mwanawe. Wakifa, atarudi kwa vifungo, na mashine itakuwa kabati la nguo kweli.

Kosa liko wapi? Liko hapa. Kidude kile kina maneno ya siri mawili: la kutazama tu, na la kuamuru. Bwana Mtandao aliona mawili ni usumbufu, watu watachanganya. Akawa anatoa moja, lile linaloweza yote. Akampa Mwenyekiti. Siku ukoo ulipokusanyika kwa mama yake, akaupa na ukoo, ili nao wajivunie. Neno lenyewe lilikuwa “vifaranga”. Siri hiyo, msomaji, hata jogoo wa jirani angeibashiri.

“Nani analo?” mkewe alimwuliza, wamesimama mbele ya kioo.

Bwana Mtandao alianza kuhesabu kwa vidole, akahamia mkono wa pili, akaacha.

Mama Joto hakuhitaji vidole. Alikuwa na mtu wake. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, dereva wa lori la soda, ambaye kazi yake humwamsha kabla ya ndege. Mashine ilipoletwa, shemeji huyu aliomba awe mbia. Mama Joto alimjibu kwa heshima zote kwamba mbia ambaye siku ya kwanza tu ameomba mayai ya kukaanga atawamaliza vifaranga kabla hawajaanguliwa. Watu walicheka, shemeji naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo. Tangu siku hiyo Mama Joto alikuwa na deni naye moyoni, na alijua siku moja shemeji atataka kulidai.

Wakampigia. Hakuulizwa kitu, aliambiwa tu apitie. Akaja na lori, shati amelivaa ndani nje, akaliacha linanguruma chini ya dirisha.

Alikaribishwa jikoni, akasogezewa kiti. Mama Joto akamwuliza taratibu kama huwa anaigusa mashine yake. Alitegemea shemeji aruke juu, aape, ataje mama yake mzazi. Shemeji hakuruka.

“Naigusa, shemeji,” alisema. “Kila siku.”

Bwana Mtandao naye akatafuta pa kukaa.

“Unaigusa ufanye nini?”

“Napandisha. Kila nikiamka nakuta inapoa na ninyi mmelala fofofo. Nikasema, hivi huyu shemeji yangu ni Mama Joto kweli au mnamtania? Napandisha, nawasha lori, naenda zangu. Sikusema kitu kwa sababu nilijua utadhani natafuta ubia.”

Ninyi mliokuwa mmeshamhukumu dereva tangu sura ya pili, rudisheni kesi.

Mama Joto hakurudisha yake upesi hivyo. Mtu anaweza kushusha kwa mkono huu na kupandisha kwa mkono ule, ili siku moja aitwe mwokozi. Akamwomba aweke simu mezani. Akaweka. Akamtaka na mumewe aweke yake. Bwana Mtandao alitaka kueleza kwa nini hakuna haja, akatazamwa, akaweka. Wote watatu wakahamia sebuleni mikono mitupu, wakasimama mbele ya kioo kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Tarakimu zilikuwa zimepanda vizuri, thelathini na sita, zinaelekea pazuri.

Tik.

Moto ukazimika, na mikono yote sita iko wazi.

Shemeji alikuwa anatafuta neno la ushindi, ila hakulipata mapema, maana simu ya Bwana Mtandao ilikuwa inaita jikoni, mwenyewe akaifuata na kurudi nayo mbele ya kioo. Alikuwa mama yake, mzaa chema mwenyewe, anayekaa mji mwingine kabisa, safari ya kutwa nzima. Alipiga kwa picha, na kama kawaida yake akawaonyesha dari. Hakuuliza habari za nyumbani. Alitaka kujua ni nani katika nyumba ile anayepandisha joto kila yeye akilishusha.

Shemeji akaangalia ndala zake. Bwana Mtandao akaangalia ndala za shemeji. Mama Joto ndiye aliyeipokea simu, kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi sitaki kuwasema, kila mtu na nyumba yake. Lakini Kipusa akifika thelathini na nane si tunamkimbiza zahanati? Hao wenu wako mlangoni mwa homa mchana na usiku, na bado mmewawashia moto.”

Basi siri ikawa imetoka, na ilikuwa imekaa mahali ambapo hakuna aliyeitafuta. Wiki nzima bibi alikuwa akiamka, na kabla hajanawa uso, anachukua simu na kuwapoza wajukuu wenye homa. Wiki hiyo hiyo mwanawe wa mwisho alikuwa akiamka, na kabla hajawasha lori, anawapasha. Mama na mwana, kila mmoja kwa upendo wake, walikuwa wakivutana juu ya mayai bila kujuana. Na mashine, maskini, ilimtii huyu, ikamtii na yule. Haikuwa na namna ya kujua nani ni mwenyewe. Kwake yeye, kila aliyekuwa na neno lile alikuwa mwenyewe.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Ungemwambiaje mama mkwe? Mama Joto akaeleza kwamba kuku ni wa moto kuliko binadamu, na anapoatamia, joto analoyapa mayai yake ndilo hilo hilo, wala yeye hajaongeza hata chembe.



“Kumbe kuku ana homa maisha yake yote,” mama mkwe alisema. “Ndiyo maana ana haraka vile.” Kisha sauti ikapungua. “Mwanangu, nimewaua?”

Mama Joto alimjibu kwamba bado haijulikani, ataona leo, ila kushuka mpaka thelathini na mbili kumemtia hofu.

“Thelathini na mbili?” Dari ikatikisika, ikawa ukuta, ikawa sikio. “Hiyo siyo yangu. Mimi huishia thelathini na tano, hata sasa hivi nimeweka thelathini na tano. Mimi nawapoza, siwagandishi.”

Ndipo wote waliposikia mlio mwingine. Haukuwa tik. Ulikuwa mwembamba, wa kitu kinachozunguka polepole. Ndani ya mashine, kamera ndogo iliyokuwa ikiyatazama mayai ilikuwa inageuza shingo. Ikaacha trei. Ikapita pembeni. Ikaja mpaka kwenye kioo, ikasimama, ikamtazama Mama Joto usoni.

“Mama,” Bwana Mtandao aliuliza simuni, “ni wewe unayegeuza kamera?”

“Kamera ipi? Hata hii ya kwangu imenishinda, nawaonyesha dari tangu mwaka jana.”

Chini ya tarakimu za joto kuna tarakimu ndogo, zile za agizo. Zikaanza kushuka mbele yao, hakuna aliyezigusa. Thelathini. Ishirini na tano. Ishirini. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa amewaona watu watatu wamesimama pale na hakujali. Pengine alikuwa anacheka.

Mama Joto hakuuliza tena. Alipita katikati ya wanaume wawili, akaenda hadi kwenye kisanduku cha intaneti, kilichowekwa juu ya friji mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya harusi, akang’oa waya wake wa umeme. Vitaa vya kijani vikafa. Dari ya mama mkwe ikatoweka. Kamera ikabaki imemkodolea, lakini sasa ilikuwa kipande cha plastiki tu. Akarudi kwenye mashine, akaweka thelathini na saba na nusu kwa kidole chake mwenyewe, na safari hii hakuna aliyembishia.

“Umezima biashara,” mumewe alisema kwa huzuni.

“Nimefunga mlango. Biashara iko ndani.”

Shemeji aliaga, lori lilikuwa limeshawaamsha majirani. Mlangoni Mama Joto alimwomba radhi, na alimwomba vizuri, bila kuzungukazunguka. Ubia, akamwambia, utazungumzwa. Mayai ya kukaanga hayatazungumzwa. Shemeji akacheka, na kicheko hakikuchelewa.

Jua lilikuwa halijapanda sana simu ilipolia tena. Mwenyekiti. Kila asubuhi mama huyu huamka akatazama mayai yake kama wengine wanavyotazama hali ya hewa, na leo ametazama akakuta giza. Alitaka kujua kuna nini. Kama haoni, hanunui, hayo walikubaliana tangu mwanzo.

Bwana Mtandao akaanza kumfundisha mkewe kwa ishara. Aliukunja mkono kama waya uliokatika, akaonyesha mtaa mzima, akafumba macho kuonyesha giza. Maana yake: sema mtandao umekatika, mtaa mzima hauna. Na lilikuwa jambo jepesi, msomaji. Uongo mdogo, siku chache tu, vifaranga wakitoka nani atakumbuka? Barua ya kuacha kazi Mama Joto alikuwa ameshaitunga kichwani mara nyingi, akiwa kwenye vifungo, mpaka na salamu za mwisho anazijua. Alifungua mdomo, na kwa kitambo kidogo hata mimi sikujua kitakachotoka.

“Mama Mwenyekiti, mtandao haujakatika, nimeukata mimi. Kuna mtu aliingia kwenye mashine akayapoza mayai yako. Sijui ni mangapi yaliyo hai.”

Mwenyekiti akasema anakuja, na asipikiwe chochote.

Bahati ilikuwa moja. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuyamulika mayai kwa mara ya mwisho. Yanatolewa kwenye trei ya kugeuzia, yanawekwa mbele ya tochi moja moja, yenye uhai yanalazwa trei ya chini, kisha mlango unafungwa mpaka vifaranga wajipasulie wenyewe. Baada ya hapo haufunguliwi, hata aje nani, maana unyevu ukitoka, ganda hukauka na kumbana kifaranga ndani. Mwenyekiti angeona leo, au asingeona kabisa. Mama Joto akatuma ujumbe kiwandani kwamba atachelewa, na akajiuliza kama huo ndio utakuwa mwisho wa kuchelewa au mwanzo wa kuwahi miaka yote.

Mwenyekiti alifika na mkoba mkubwa begani na miwani yenye kamba shingoni, na hotuba aliyokuwa ameipanga njiani. Aliitoa akiwa mlangoni, yote. Kwamba yeye alijua, vitu vya kwenye simu vina mwisho wake. Kwamba amemwacha mtu aliyemletea vifaranga miaka na miaka, mtu asiyekuwa na kamera wala mbwembwe, amekuja kufuata picha. Kwamba wanachama wake wameshajenga mabanda, na banda tupu haliwezi kuelezewa habari za intaneti. Mama Joto alimwacha amalize. Bwana Mtandao, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alileta kiti badala ya maelezo.

Alipomaliza, Mwenyekiti akauliza swali la maana: nani walikuwa na lile neno?

Mama Joto hakuficha. Alimtaja mumewe, akamtaja shemeji, akamtaja mama mkwe na ile homa. Kwenye homa, mdomo wa Mwenyekiti ulitaka kucheka, akaukataza.

“Na wewe, mama,” Mama Joto alimalizia. “Lakini wewe najua hukumpa mtu.”

Mwenyekiti alivua miwani. Akaipangusa kwa upindo wa gauni. Akaendelea kuipangusa hadi ikawa safi kuliko siku iliyotoka dukani.

“Nililiweka kundini,” alisema. “Kwenye kundi la chama. Nilitaka nao waone.”

Bwana Mtandao akamwuliza kwa upole kundi lina watu wangapi. Hakulijibu hilo. Alijibu lingine, ambalo hakuulizwa.

“Mmoja wao ni mke wa yule niliyemwacha.”

Sasa msikimbilie, maana nawajua. Hakuna aliyemwona mke huyo, wala mumewe, akigusa kitu. Pengine ni yeye, pengine ni mtoto wao aliyeokota simu, pengine ni mtu aliyepelekewa na aliyepelekewa, ambaye hata hajui mayai yale ni ya nani. Mwenyekiti alitaka kumpigia simu pale pale, amwulize waziwazi. Mama Joto akamshika mkono, akamwomba mayai yatangulie. Na hapo, bila mmoja wao kusema, wakawa hawako tena pande mbili.

Bwana Mtandao alitundika blanketi dirishani. Sebule ikawa giza mchana. Akatoboa tundu kwenye boksi la kadibodi, akaweka tochi ndani, akalishikilia kwa mikono yote miwili, mpole kabisa. Kilikuwa kifaa cha kwanza alichoshika wiki hiyo ambacho hakikuunganishwa na chochote.

Mama Joto akaweka yai la kwanza juu ya tundu. Mwanga ukapenya, ganda likawa jekundu. Chini pamejaa, peusi, ndipo kifaranga alipo. Juu pana uwazi mdogo wa hewa. Hapo kati, kwenye ukingo, ndipo kivuli kinapaswa kucheza.

Hakikucheza.

Akaliweka pembeni, akachukua la pili. Akaligeuza, akalisubiri. Hakuna. La tatu hivyo hivyo. Akaeleza kwamba kifaranga aliyepatwa na baridi huweza kulala fofofo asijitingishe kwa muda mrefu, kwamba kutulia siyo lazima kuwe kufa, na alipokuwa akieleza alijisikia anafanana na mumewe, akanyamaza. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake, karibu, pumzi yake ikimgusa shingoni. Aliweka jingine. Akaweka na jingine. Akaegemeza viwiko mezani, ili asije akadanganywa na mkono wake mwenyewe.

“Mdogo wangu,” Mwenyekiti alisema, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ile hotuba ya mlangoni. “Mdogo wangu, umejitahidi.”

Akaanza kuupapasa mkoba wake gizani, tayari kuondoka. Bwana Mtandao hakuinua uso kutoka kwenye boksi. Mama Joto alikuwa na yai jingine juu ya mwanga, akalitazama mpaka macho yakaingia machozi na asione tena ukingo wala kivuli, ila wekundu tu. Akakunja vidole alitoe, alipeleke upande wa yale mengine.

Hakuna aliyemsikia Kipusa akiamka, wala akija. Alikuwa amesimama kwenye kona ya meza, nywele zimelala upande mmoja, kidevu kimefika usawa wa tundu. Alinyoosha kidole kimoja, akakiacha hewani, bila kugusa ganda.

“Huyu amesogea.”